Kasoro aliyoilaumu Profesa Onnes

Kila mwaka watahiniwa wa fizikia huingia maabarani kufanya mtihani wa vitendo. Ipo desturi mbaya ambayo sisi walimu twaijua lakini twaifumbia macho. Mwanafunzi akiona kipimo chake hakilingani na cha kitabuni, hukifuta, akaandika kile anachodhani mtahini anakitaka. Kwa ajili ya vijana hao, hapa Silibwet na kwingineko, yafaa tuyakumbuke maisha ya Heike Kamerlingh Onnes.

Onnes alizaliwa tarehe 21 Septemba 1853 mjini Groningen, Uholanzi, mwana wa mwenye kiwanda cha matofali. Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 29, alikuwa profesa mjini Leiden. Shabaha yake ilikuwa kuzipoza gesi hadi ziwe kimiminika. Njia haikuwa nyeupe. Mwaka 1895 kazi yake ilisimamishwa kwa hofu ya mlipuko, kwani maabara ilisimama mahali palipobomolewa na meli ya baruti iliyolipuka mwaka 1807. Alingoja hadi 1898 ndipo akaruhusiwa kuendelea.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1901 alianzisha shule ya mafundi wa vyombo vya maabara, na vijana wake wakajulikana kwa makoti yao ya samawati. Kwa msaada wa mafundi, tarehe 10 Julai 1908, baada ya kazi ya tangu alfajiri hadi usiku, gesi ya heliamu iliyowashinda wengine iligeuka kimiminika kwenye nyuzi 269 chini ya sufuri.

Katika baridi hiyo aliamua kupima umeme ndani ya zebaki, metali ambayo husafishika kwa urahisi. Tarehe 8 Aprili 1911 ukinzani wa zebaki ulitoweka ghafla. Vipimo vilifanywa na Gilles Holst, lakini jina lake halikuwekwa kuwa la mwandishi mwenza. Hilo ni doa katika sifa ya profesa. Tuzo ya Nobel ilimfikia Onnes mwaka 1913.

Tuupime uzito wa jambo hilo kwa mfano wa karibu. Umeme utokanao na maporomoko ya mto Nyangores pale Tenwek hupotea kwa sehemu njiani, kwa kuzipasha nyaya joto. Waya usio na ukinzani haupotezi umeme kwa njia hiyo. Basi Onnes akatamani kuunda sumaku yenye nguvu kuu kwa kuzungusha waya wa risasi. Jaribio likashindwa. Mwaka 1913 alishuku kwamba waya ulikuwa na sehemu mbovu. Hakunyamaza, alipima tena, na mwaka 1914 akatambua kuwa nguvu za sumaku zenyewe ndizo zilizourudisha ukinzani. Dhana yake na masahihisho yake yote aliyachapisha. Alifariki tarehe 21 Februari 1926, sumaku hiyo hakuiona.

Wengine waliipokea kazi. Lev Shubnikov, aliyewahi kufanya utafiti Leiden, alionyesha kule Kharkov kwamba aloi fulani huingiwa na nguvu za sumaku bila kupoteza sifa yake. Akauawa na serikali ya Stalin mwaka 1937. Mwaka 1957 Alexei Abrikosov alieleza kwamba nguvu hizo hupenya kama vimbunga vidogo. Vikisukumwa na umeme vikasogea, ukinzani hurudi. Dawa ni kuvikamata, na vinavyovikamata ni kasoro: nyufa ndogo mno na chembe ngeni ndani ya metali, kama mizizi inavyoushika udongo wa mteremko mvua inaponyesha. Tangu 2008, Hideo Hosono wa Japani na wenzake walipotangaza superkondakta za chuma zinazofanya kazi penye baridi iliyo nafuu zaidi, watafiti hutengeneza tando zake nyembamba na kuzitia kasoro hizo kwa makusudi.

Kumbe kile ambacho profesa alikilaumu ndicho kilichokuja kuwa mhimili. Lakini warithi wake walikuwa na mahali pa kuanzia kwa sababu moja tu: hakuficha jaribio lililoshindwa. Walimu wenzangu, tumpe alama mwanafunzi anayeandika alichokiona, kisha tumwulize kwa nini kimetofautiana na kitabu. Anayefuta kipimo chake huenda amefuta swali ambalo dunia ingelihitaji.