Aliyesoma Nyufa za Ukutani: Maisha ya Victor Vasarely

Watu wengi wakisubiri treni huangalia saa, na siku hizi simu. Victor Vasarely alikuwa akiangalia ukuta. Ilikuwa Paris, miaka ya 1930, kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi kiitwacho Denfert-Rochereau. Vituo vya kule vilibandikwa taili nyeupe tangu mwanzoni mwa karne kwa sababu ya kawaida kabisa: chini ya ardhi kuna giza, taa za wakati ule zilikuwa hafifu, na taili nyeupe inayong'aa hurudisha mwanga. Sasa taili ikizeeka inapata nyufa, nyembamba kama unywele. Abiria wengine waliona uchakavu tu. Yeye akaona mandhari, miji, mistari inayotaka kusogea. Akaichora. Michoro ile ilikaa zaidi ya miaka 10 kabla ya kugeuka picha za rangi, na picha hizo akazipa jina la kituo chenyewe: Denfert.

Nimeanza na nyufa makusudi. Wengi wanaomjua Vasarely wanamjua kama mzee wa viinimacho, baba wa ile sanaa ambayo ukiitazama ukuta unaonekana kuvimba na sakafu kuzama, na wanadhani yote yalitoka kwenye rula na bikari. Siyo. Yalianzia kwa mtu aliyekuwa akisubiri usafiri kama sisi.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1906 mjini Pécs, Hungaria, kwa jina la Győző Vásárhelyi. Mwaka 1925 akaanza kusoma udaktari Budapest. Baada ya miaka miwili akaacha, akaenda kujifunza kuchora. Hebu ndugu mwanachuo jiweke hapo: umepata nafasi ya udaktari, ukoo mzima umeshaanza kukuita daktari, halafu unarudi nyumbani kusema unataka kuchora. Kwetu hicho ni kikao cha wajomba. Yeye alivuka, na baadaye akaingia shule ndogo ya msanii Sándor Bortnyik, iliyofuata fikra za Bauhaus ya Ujerumani: kwamba bango, kiti, nyumba na picha ni kazi ya aina moja, na msanii ni fundi wa jamii. Mimi naona ule udaktari haukupotea bure. Maisha yake yote alichora kama mtu wa maabara, anabadilisha kitu kimoja kwa wakati na kuangalia matokeo.

Mwaka 1930 alihamia Paris na kuishi kwa kuchora matangazo ya biashara. Wapo wanaoikimbilia sehemu hii ya maisha yake kama vile ni aibu. Kwangu ndiyo ufunguo. Mchoraji wa matangazo anafanya kazi kwa ajili ya mtu anayepita, asiye na mpango wa kusimama, na ana sekunde mbili za kumkamata. Katika miaka hiyo hiyo alichora punda milia wake mashuhuri: wanyama wawili waliojipindapinda pamoja, bila mstari wa kuwazunguka, ni michirizi myeusi na myeupe tu. Jicho lako ndilo linalowamalizia miili. Sisi tunaoishi na punda milia mbugani tumewaona kundi zima wakichanganyika hadi hujui yupi anaishia wapi, lakini alikuwa huyu Mhungaria wa Paris aliyekaa chini na kuuliza kwa nini macho yanadanganyika hivyo.

Jibu lake kamili lilikuja baada ya vita. (Miaka ya 1940 alijaribu mitindo mingine, na baadaye mwenyewe aliihesabu kuwa njia za kupotea.) Chukua ubao wa miraba kama wa drafti, kila mraba uwe na duara ndani yake. Duara za katikati zifanye kubwa. Kadiri unavyoelekea pembeni, zipunguze na kuzibana mpaka ziwe kama mayai. Karatasi ni bapa, wewe unajua ni bapa, lakini utaona mpira unakutokea usoni. Ubongo umezoea kwamba kitu kikubwa kiko karibu na kilichobanwa kinageukia mbali, basi unajenga mpira usiokuwepo. Na ukitembea, mpira nao unaonekana kutembea.

Hapo ndipo stesheni zinapoingia. Picha ya kawaida inataka usimame mbele yake, umetulia, ikiwezekana na kitabu cha maelezo mkononi. Kiinimacho hakihitaji hayo. Hakikuulizi umesoma wapi, na kinafanya kazi vizuri zaidi ukiwa unakatiza na begi lako. Vasarely aliamini kwa dhati kwamba sanaa ya kutundikwa sebuleni kwa tajiri imepitwa na wakati, na kwamba mahali pake ni ukutani, mjini, kwa wote.

Jambo zuri ni kwamba moja ya nafasi zake kubwa za kwanza aliipata chuoni. Mwaka 1954 mbunifu majengo Carlos Raúl Villanueva, aliyekuwa akijenga Chuo Kikuu cha Venezuela mjini Caracas, alimpa kuta. Wanafunzi wa pale wamekuwa wakipita kwenye kazi za Vasarely wakienda lekcha, bure, kila siku. Mwaka 1965 maonyesho makubwa ya New York yaliifanya sanaa hii kuwa fasheni ya dunia, hadi kwenye magauni. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi zake mbili kubwa ziliwekwa kwenye ukumbi wa stesheni mpya ya Montparnasse, Paris. Kijana aliyesoma nyufa za kituo kimoja sasa anajaza kuta za kingine, umri wake umeshapita 60. Mwaka 1972, akiwa na mwanawe Jean-Pierre, alitengeneza upya nembo ya magari ya Renault.

Lakini tuseme ukweli, wazo lake la sanaa kwa wote lilimgeuka. Alikuwa ametunga alfabeti ya maumbo na rangi, akaisajili kisheria mwaka 1959, ili picha iweze kutengenezwa na wasaidizi kwa kufuata maelekezo na kuchapishwa kwa wingi. Zikachapishwa kweli. Mabango yake yakaenea vyumba vya kulala na ofisi za madaktari wa meno, na wakosoaji waliomsifu wakaanza kumwona wa bei rahisi. Mimi sioni kosa hapo: ukisema sanaa ni ya watu wote, usishangae watu wote wakiichukua. Kosa naliona kwingine, kwenye kuamini kwamba taasisi itajilinda yenyewe.

Maana mwaka 1976 alifungua Aix-en-Provence jengo lake la ndoto, vyumba vya pembesita vilivyojaa kazi kubwa kutoka chini hadi dari. Miaka ya 1980 uongozi wake ukawa mikononi mwa profesa wa sheria wa chuo kikuu, na mambo yakaishia mahakamani kwa matumizi mabaya ya fedha za taasisi. Profesa alitiwa hatiani. Kazi nyingi ziliondoka, familia ikagombana juu ya mali, jengo likachakaa.

Vasarely alifariki Paris tarehe 15 Machi 1997, akiwa na miaka 90, ugomvi ule haujaisha. Mjukuu wake Pierre ndiye aliyebaki kuhangaikia jengo. Mwaka 2013 lilitangazwa kuwa jengo la kihistoria, na mafundi wakapanda juu kuanza na paa lililokuwa likivuja.