Edwin Armstrong: Gwiji aliyezima mikwaruzo ya redio

KATIKA ufuo wa Luanda Kotieno, ambako feri huvuka kwenda Mbita, wavuvi wa omena huingia Ziwa Victoria usiku, saa ambazo radi hupiga kwa wingi juu ya maji. Kila umeme unapomulika, redio ya masafa ya kati hukwaruza, habari zikapotea. Vituo vya FM, vikiwemo vya Kidholuo, husikika bila mikwaruzo hiyo.

Utulivu huo ni kazi ya Edwin Howard Armstrong, mhandisi Mwamerika ambaye ushindi wake ulikamilika akiwa kaburini.

Alizaliwa New York mnamo Desemba 18, 1890. Mwaka wa 1912, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aligundua kwamba sehemu ya mawimbi yanayotoka katika vali ya redio ikirudishwa ndani yake, hukuzwa tena na tena hadi sauti hafifu kutoka ng'ambo isikike. Mnamo 1918, akiwa afisa wa jeshi jijini Paris, alibuni kipokezi kinachogeuza kila mawimbi kiliyonasa yawe ya masafa mamoja, yaliyo rahisi kukuzwa. Mbinu hiyo ilitawala redio na runinga kwa miongo mingi.

Hata hivyo, kikuza sauti hakichagui. Hukuza matangazo pamoja na kelele. Wataalamu waliamini kuwa dawa ni kuubana ukanda wa masafa ili kelele chache zipite. Mnamo 1922, John Carson alionyesha kwa hesabu kuwa kuchezesha masafa ndani ya ukanda mwembamba hakuna faida.

Armstrong alishika njia ya pili: akaupanua. Radi huvuruga zaidi kimo cha wimbi. Yeye aliacha kimo kitulie, akaipachika sauti katika mabadiliko ya masafa, kwa ukanda mpana mara 20 hivi kuliko wa redio za kawaida. Kipokezi kilikata vilele vya kimo, na kelele ikaenda navyo.

Mbinu hiyo ina sharti moja: lazima wimbi liishinde kelele ya kipokezi chenyewe. Ndiyo maana kikuzaji cha kwanza, kilicho karibu na antena, hutakiwa kiwe kitulivu kuliko vyote, kwani kelele yake hukuzwa na vyote vinavyofuata.

Alipata hataza za FM mnamo Desemba 1933, na Novemba 1935 akawaonyesha wahandisi wenzake jijini New York. Lakini mwaka wa 1945 serikali ya Marekani iliihamishia FM kwenye masafa mengine, na vipokezi vilivyokwisha kuuzwa vikakosa kazi. Mnamo 1948 aliishtaki kampuni kubwa ya RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila kumlipa. Kesi ilikokotwa miaka mitano, ikammalizia fedha na kuvuruga ndoa yake.

Usiku wa Januari 31, 1954, Armstrong alijitoa uhai nyumbani kwake. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Mjane wake, Marion, hakukata tamaa. RCA ilikubali kumlipa mwaka huohuo, naye akaziandama kampuni nyingine hadi aliposhinda kesi ya mwisho mnamo 1967. Nchini Kenya, vituo vya kibinafsi vya FM vilianza miaka ya 1990, na sauti ikafika ziwani ikiwa safi.