Shaaban Robert: Karani wa forodha aliyewageuza mahasidi kuwa manyani

Kwa Wanyarwanda wengi waliorejea nyumbani kutoka Tanzania na Kenya, jina la Shaaban Robert si geni. Walikutana nalo darasani, wakakariri mashairi yake kabla hawajajua maana yake. Wengi wanamkumbuka kwa kitabu cha Kusadikika. Lakini kwa mkazi wa Kinyinya anayeamka alfajiri kufuata mzigo Rusumo, Gatuna au Goma, kuna kitabu chake kingine kinachostahili kusomwa upya. Nacho ni Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Ni hadithi ya wafanyabiashara watatu wa baba mmoja, wawili kati yao wakaishia kuwa wanyama.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga, wakati Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani pamoja na Rwanda na Burundi. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, akamaliza akiwa wa pili katika kundi dogo la wanafunzi waliopata cheti. Kwa kijana Mwafrika wa enzi hizo, cheti hicho kilikuwa mlango wa kazi ya serikali.

Mlango huo ulimpeleka forodhani. Kuanzia 1926 hadi 1944, miaka 18 mizima, alikuwa karani wa forodha katika vituo mbalimbali vya pwani, Pangani kikiwa kimojawapo. Hakuandika vitabu kwa sababu alikuwa na nafasi. Aliandika baada ya saa za kazi, kwa mshahara wa karani. Katika miaka hiyo pia alifiwa na mkewe Amina, akamwachia shairi la maombolezo ambalo bado linasomwa mashuleni.

Mwaka 1944 alihamia Idara ya Wanyama, akakaa miaka miwili. Kisha alirudi Tanga, kwanza katika ofisi ya mkuu wa wilaya hadi 1952, halafu katika idara ya upimaji ardhi hadi alipostaafu mwaka 1960. Kwa hiyo alipochapisha hadithi ya ndugu wafanyabiashara waliogeuzwa wanyama, alikuwa mtu aliyekwisha kuona mizigo ya watu na wanyama kwa karibu.

Ndugu watatu na mtaji mmoja

Chanzo cha hadithi hiyo ni kisa cha kale cha Alfu Lela Ulela. Huko, ndugu wabaya wanageuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, na majina akayachagua ili msomaji asipotee: Adili, Hasidi na Mwivu.

Baba yao alipokufa waligawana urithi. Hasidi na Mwivu walisafiri kutafuta mali, wakarudi mikono mitupu. Adili, aliyebaki nyumbani na kazi yake, aliwapokea na kuwagawia alichochuma. Baadaye walisafiri wote watatu. Katika safari hiyo Adili alipata bahati kubwa kuliko wenzake: mali, na binti wa kifalme aitwaye Mwelekevu. Hapo ndipo nduguze walipomtupa baharini. Aliokolewa na jini aitwaye Huria, ambaye Adili mwenyewe aliwahi kumwokoa, na wale wawili wakageuzwa manyani.

Anayefanya biashara ya mpakani anaijua hadithi hii bila kufungua kitabu. Mtaji haufi kwa ushuru peke yake, wala kwa mvua iliyolowesha unga. Mara nyingi unakufa kwa mwenzako mliyeanza naye, ambaye hasara mliivumilia pamoja lakini faida yako ikamshinda. Hasidi na Mwivu hawakumchukia Adili walipokuwa maskini. Walimchukia alipofanikiwa.

Watoto wetu wanalelewa kwa visa vya Bakame, sungura mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili. Ni mafunzo mema kwa mnyonge aliye mbele ya mwenye nguvu. Lakini mwenye kumchezea mshirika wake ujanja wa Bakame atabaki peke yake barabarani. Hapo ndipo Shaaban Robert anapoongeza jambo: kwake unyani si kosa la sura. Ni hali ya mtu aliyekwisha kuacha utu kabla ya ngozi yake kubadilika.

Adhabu yenye mwisho

Sehemu nzito zaidi ya kitabu ni ile ya viboko. Adili, ambaye sasa ni mtawala wa Janibu, aliamriwa kuwapiga manyani hao kila usiku, la sivyo angeumia yeye. Aliwapiga, kisha akawalisha kwa huzuni. Aliyedhulumiwa akawa anaadhibu, na adhabu ikawa inamla yeye pia. Mfalme Rai, aliyejulikana kwa kuwapenda wanyama, alipoigundua siri hiyo, hakukubali iendelee milele. Ndugu wale walisamehewa, wakarudi kuwa watu.

Mwandishi hasemi kwamba kosa lisiadhibiwe. Anasema adhabu iwe na mwisho, na mwisho huo umrudishe mkosaji kati ya watu. Hapa Rwanda, ambako watu walilazimika kujifunza upya kuishi jirani, funzo hilo halihitaji mfasiri. Lakini linaanzia chini zaidi: kwa ndugu waliogombea kiwanja, kwa washirika walioachana kwa deni, kwa aliyerudi kutoka nje akakuta nafasi yake imechukuliwa.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Wakati wa uhai wake alipewa nishani ya MBE ya Uingereza na tuzo ya Margaret Wrong ya uandishi, ingawa baadhi ya vitabu vyake, kama Kufikirika, vilichapishwa akiwa kaburini. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwenye duka Kinyinya anayekitumia kupatana bei akumbuke kwamba kilipata kuandikiwa pia namna ya kugawana faida.