Nabii Ibrahim (A.S.) na Ahadi ya Mola Wake

Bismillahi Rahmani Rahim.

Nabii Ibrahim, alayhi ssalam, ndiye aitwaye Khalilu-llahi, na ndiye baba wa Mitume wengi. Kwani kwa Is-hak na Yaakub wametoka Mitume wa Bani Israil, na kwa Ismail ametoka Mtume Muhammad, salla-llahu alayhi wasallam. Alikulia katika nchi ya Iraki, baina ya watu walioabudu masanamu, na Azar, babake, alikuwa miongoni mwao. Khabari ya kuyavunja masanamu yale akaliacha lililo kubwa, kisha akatiwa motoni na moto ukawa baridi na salama, ni mashuhuri, hata watoto wa chuoni waijua. Isiyofikiriwa sana ni khabari ya ahadi aliyopewa, na jinsi amri zilizomjia baadaye zilivyokuwa kama kwamba zaipinga ahadi ile.

Alihama na mkewe Sara, na Lut mwana wa nduguye, wakaenda Sham, akamwomba Mola wake mtoto mwema, akabashiriwa. Miaka ikapita mingi. Taurati yasema alipata Ismail kwa Hajar naye ana miaka 86, na Is-hak kwa Sara naye ana miaka 100. Khabari za Israiliyati namna hii, zisizopingana na Kurani, wanavyuoni hawazisadiki wala hawazikadhibishi. Lakini uzee wake umo katika Kurani yenyewe, kwani Sara alistaajabu atazaaje naye ni ajuza na mumewe ni shaibu.

Basi mtoto aliyengojewa umri mzima alipopatikana, ikaja amri ampeleke, yeye na mamake, katika bonde la Makka, nalo wakati ule halina mtu wala maji. Akaaye Arusha, ambako mto Themi washuka kutoka Mlima Meru na mashamba hunyweshwa kwa mifereji, si rahisi kulifahamu bonde lile. Na mtu wa pwani, ajapokuwa maji yake yana chumvi kidogo, kisima anacho. Hajar aliachiwa mfuko wa tende na kiriba cha maji. Ibrahim akashika njia, na Hajar akamfuata akimwuliza awaachia nani, naye hageuki. Hata alipomwuliza kama ndiyo amri ya Mwenyezi Mungu, akamjibu kuwa ndiyo. Hapo Hajar akasema kuwa Mola hatawapoteza, akarudi kwa mwanawe. Ndivyo alivyopokea Bukhari kwa Ibn Abbas. Na yafaa ijulikane kuwa utii wa siku ile ulikuwa wa watu wawili, kwani aliyebaki jangwani alikuwa mwanamke. Maji yalipokwisha alikwenda mbio baina ya Safa na Marwa mara saba, ndipo Zamzam ikatoka, na watu wa Jurhum wakaja wakakaa naye.

Ismail alipofikia umri wa kwenda pamoja na babake, Ibrahim akaona usingizini kuwa amchinja. Akamweleza kijana, naye akaridhika. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika mwana huyu. Imamu Tabari, aliyefariki mwaka 310 wa Hijra, alichagua kuwa ni Is-hak. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774, alishika kuwa ni Ismail, na kauli hii ndiyo yenye nguvu. Sababu ni kuwa Is-hak alibashiriwa pamoja na Yaakub atakayetoka kwake. Na baba aliyekwisha kuambiwa kuwa mwanawe atazaa, ana mtihani gani akiamriwa kumchinja angali kijana? Kwa Ismail hakuwa na neno kama hilo la kushikilia. Alikuwa na mwana mmoja na kisu. Akamlaza, akaitwa, akapewa mnyama wa fidia. Na bishara ya Is-hak ikaja baada ya hapo.

Alipofanywa Imamu wa watu, aliomba na kizazi chake nacho, akajibiwa kuwa ahadi haiwafikii madhalimu. Hapa ndipo walipoteleza wengi wa Bani Israil, walioshika nasaba wakaacha amri. Na huko pwani, na bara vile vile, wako waulizao babu wa mtu kabla ya kuuliza sala yake. Kafaa ya nasaba katika madhhabi ya Imamu Shafi ni hukumu ya nikahi, si hati ya Peponi.

Taurati yasema aliishi miaka 175, na ya kuwa katika nchi yote aliyoahidiwa hakununua ila shamba moja lenye pango, kwa shekeli 400 za fedha, apate kumzika Sara. Mji ule, katika Falastini, waitwa Al-Khalil kwa ajili yake. Naye alizikwa pangoni mle mle, na waliomzika ni wanawe wawili pamoja, Ismail na Is-hak.

Wallahu aalam.