Marc Bloch

Marc Léopold Benjamin Bloch (Lyon, 6 Julai 1886 – Saint-Didier-de-Formans, 16 Juni 1944) alikuwa mwanahistoria kutoka nchini Ufaransa aliyechunguza hasa jamii ya Ulaya katika Zama za Kati. Anajulikana kama mwanzilishi mwenza wa jarida la Annales, na pia kama mpiganaji wa upinzani wa siri aliyeuawa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Masomo

Bloch alizaliwa katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Alsace. Baba yake, Gustave Bloch, alikuwa profesa wa historia ya Roma ya Kale. Marc alisoma École normale supérieure mjini Paris kuanzia 1904 hadi 1908, kisha akaenda Berlin na Leipzig nchini Ujerumani.

Kwa shahada ya uzamivu alichagua kuchunguza watwana, yaani wakulima waliofungwa kwa mabwana wao kwa malipo na kazi za lazima. Alitaka kujua jinsi walivyopata uhuru katika maeneo ya vijijini kuzunguka Paris. Utafiti huo ulikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza, ambayo Bloch aliianza akiwa sajini na kuimaliza akiwa kapteni. Wanafunzi waliotoka vitani waliruhusiwa kutoa tasnifu fupi, naye alitoa yake mwaka 1920 kwa jina la Rois et serfs (Wafalme na watwana).

Kazi

Kuanzia 1919 alifundisha Chuo Kikuu cha Strasbourg. Mwaka huohuo alimwoa Simonne Vidal, na walipata watoto sita.

Kitabu chake cha 1924, Les Rois thaumaturges, kilihusu imani ya watu wa Ufaransa na Uingereza kwamba mfalme aliweza kuponya uvimbe wa tezi za shingo kwa kumgusa mgonjwa. Bloch hakuidharau imani hiyo, bali alitafuta sababu za watu kuiamini kwa karne nyingi.

Mwaka 1929 alianzisha Annales pamoja na Lucien Febvre. Jarida hilo lilielekeza macho kwenye uchumi na maisha ya watu wa kawaida, si wafalme na vita pekee. Katika kitabu cha 1931 kuhusu vijiji vya Ufaransa, alitumia ramani, aina za plau na maumbo ya mashamba kama ushahidi, sawa na hati za kale. La Société féodale, kuhusu ukabaila, kilitoka miaka ya 1939 na 1940. Kuanzia 1936 alikuwa profesa Sorbonne, Paris.

Vita na kifo

Mwaka 1939 Bloch alijiunga tena na jeshi kwa hiari, akiwa na umri wa miaka 53. Baada ya Ufaransa kushindwa mwaka 1940, aliandika kitabu kuhusu sababu za kushindwa huko, kilichapishwa 1946.

Serikali ya Vichy ilipowafukuza Wayahudi kazini, yeye aliruhusiwa kuendelea kufundisha kwa sababu ya mchango wake katika elimu. Hata hivyo, jina lake liliondolewa kwenye jalada la Annales ili jarida liendelee kutoka. Mwanzoni alipinga, kisha akakubali, na akaendelea kuliandikia kwa jina la Fougères.

Mwaka 1943 alijiunga na upinzani wa siri mjini Lyon. Alikamatwa tarehe 8 Machi 1944 akateswa, na tarehe 16 Juni alipigwa risasi pamoja na wafungwa wengine zaidi ya 20. Mkewe alifariki kwa ugonjwa wiki chache baadaye.

Urithi

Kitabu chake kuhusu kazi ya mwanahistoria, ambacho hakukimaliza, kilichapishwa na Febvre mwaka 1949. Hadi leo kinasomwa na wanafunzi wa historia katika nchi nyingi. Mwaka 2024 Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba Bloch ataingizwa katika Panthéon mjini Paris, mahali pa heshima ya mashujaa wa taifa.