Patrice Lumumba: karani wa posta aliyetunza maktaba ya Stanleyville

Kabla ya kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Patrice Emery Lumumba alikuwa mkutubi wa kujitolea katika maktaba ya umma ya wenyeji wa Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Mchana alikuwa karani wa posta. Kazi ya posta ilipokwisha, alikwenda kuhudumia wasomaji. Hakuwa amepita katika chuo chochote cha ukutubi, na kazi hiyo haikuwa na mshahara.

Hapa Goma jina lake linatajwa kila tarehe 17 Januari, siku ya kumbukumbu ya kifo chake. Ndiyo siku ileile ambayo volkano ya Nyiragongo ililipuka mwaka 2002 na lava ikapita katikati ya mji wetu. Katika kartie za Mabanga Kusini na Mabanga Kaskazini, komine ya Karisimbi, ambako watu wanaishi juu ya mawe meusi ya volkano (na kwa Kilingala mabanga ni mawe), hata mtoto wa shule atakwambia Lumumba aliuawa Katanga. Namna mtoto wa kijiji, aliyeacha masomo mapema, alivyojisomea mpaka akasimama mbele ya mfalme wa Ubelgiji, hiyo haisimuliwi sana. Waandishi wengi wa maisha yake wanaipita maktaba mbio ili wafike kwenye siasa. Sisi tukae hapo kidogo.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Onalua, eneo la Katako-Kombe, Sankuru, katika familia ya wakulima Watetela. Jina lake la utoto lilikuwa Élias Okit'Asombo. Alisoma kwa wamisionari Wakatoliki na pia kwa Wamethodisti, lakini hakumaliza masomo ya sekondari. Akiwa bado kijana mdogo aliondoka Sankuru kutafuta kazi. Kwanza alifika Kalima, Maniema, kwenye migodi ya bati, kisha mwaka 1944 akafika Stanleyville.

Mji huo ulikuwa umegawanyika. Wazungu walikaa upande wao, Waafrika katika mitaa yao, na baada ya saa fulani za usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea ovyo katika mji wa Wazungu. Maktaba nazo zilifuata mpaka huo: za Wazungu mbali, za wenyeji mbali. Vitabu vilikuwa vya Kifaransa zaidi, wakati barabarani watu wa Stanleyville walizungumza Kiswahili na Kilingala. Lumumba alizijua lugha hizo zote pamoja na Kitetela chake, na Kifaransa alikiongeza kwa bidii kubwa: masomo ya jioni, kozi za kuandikiana kwa barua, na kusoma kila kilichomfikia mkononi. Wanaomkumbuka wanawataja Victor Hugo, Rousseau na Voltaire kati ya waandishi aliowasoma.

Mwaka 1947 serikali ilimpeleka Léopoldville kwenye shule ya posta. Huko alifundishwa kwa miezi kadhaa kazi zote za ofisi: barua, vifurushi, hundi za posta, hesabu za mwisho wa siku. Aliporudi alifanya kazi kwa muda Yangambi, penye kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, kisha akarudishwa Stanleyville. Kwa hiyo koloni iliona sawa kumlipia karani mafunzo ya kupokea pesa na kupiga muhuri, lakini kumpa mtu mzima kitabu kinachomfaa ilihesabika kuwa jambo ambalo yeyote anayejua kusoma anaweza kulifanya.

Na kweli si hivyo. Msomaji mtu mzima ni mgumu kuliko mtoto. Mtoto ataambiwa soma ukurasa huu na atausoma. Mtu wa miaka 35 anaingia maktabani akiwa amechoka na kazi, ana aibu kusema kwamba maneno mengine hayaelewi, na mara nyingi hajui kitabu anachokitafuta kinaitwaje. Anajua shida yake tu: anataka kuandika barua kwa mkubwa wake, kuelewa sheria ya ardhi, kupita mtihani wa kupandishwa cheo. Mkutubi anatakiwa aitoe shida hiyo kwa maswali ya upole, bila kumdhalilisha, halafu aifananishe na kitabu kilichopo kwenye rafu. Kama hakipo, aseme kipatikane wapi. Anatakiwa pia awajue wale wasioingia kabisa, na sababu zinazowazuia.

Miaka hiyohiyo ulimwengu ulikuwa unaanza kulitambua jambo hilo kama taaluma. Huko Ubelgiji, sheria ya mwaka 1921 juu ya maktaba za umma ilikuwa imeanzisha cheti cha kuonyesha kwamba mtu anafaa kusimamia maktaba. UNESCO ilitoa tamko lake la maktaba za umma mwaka 1949, likizieleza kuwa chombo cha elimu kwa watu wote. Mwaka 1950 shirika hilo liliita semina Malmö, Uswidi, kuhusu kazi ya maktaba katika elimu ya watu wazima, na mwaka 1953 nyingine Ibadan, Nigeria, kuhusu maktaba za umma katika Afrika. Kongo wakati huo haikuwa hata na chuo kikuu: Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Karani Mkongo aliyekabidhiwa vitabu alijifunza kazi kwa kuifanya.

Shule ya pekee ambayo Lumumba aliipata katika kuwajua watu wa mji ilimjia kwa njia nyingine. Mwaka 1952 watafiti watatu walifika Stanleyville kwa ajili ya uchunguzi ulioombwa na UNESCO na kuendeshwa na Taasisi ya Kimataifa ya Afrika, juu ya maisha ya Waafrika katika miji inayokua. Walikuwa Valdo Pons, Nelly Xydias na Mfaransa Pierre Clément. Clément alimchukua Lumumba kuwa msaidizi wake. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka mitaani, kuuliza watu wanakaa na nani, wanafanya kazi gani, wametoka wapi, wanasaidiana vipi. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa na UNESCO mwaka 1956 katika kitabu kikubwa kuhusu miji ya Afrika.

Baada ya Lumumba kuuawa, Clément aliandika kumbukumbu zake za miezi hiyo. Anayeonekana humo ni kijana ambaye muda haumtoshi: posta, maktaba, masomo, mikutano ya vyama, makala za magazeti, halafu barua za watu wengine. Makala zake zilitoka katika La Voix du Congolais, jarida lililoanzishwa mwaka 1945 na kuongozwa na Antoine-Roger Bolamba, na pia katika La Croix du Congo. Aliandika juu ya mishahara, ubaguzi na elimu. Vyama navyo vilikuwa vingi, kuanzia cha wafanyakazi wa posta mpaka kile cha walioitwa evolue, yaani Wakongo waliosoma kidogo na ambao serikali iliwataka waige maisha ya Kizungu. Chama hicho cha evolue wa Stanleyville alikifanyia kazi ya ukatibu, na baadaye akawa mwenyekiti wake.

Ukiangalia vizuri, kazi hizo zote zinafanana. Mtu anayetoa kitabu, anayemwandikia mwenzake barua na anayepita nyumba kwa nyumba na karatasi ya maswali anaufanya ujuzi mmoja: kusikiliza mpaka aelewe mwenzake anahitaji nini. Lumumba aliyekuja kuwashangaza Wabelgiji kwa namna alivyoongea na umati, kwa lugha ya umati, hakuanzia jukwaani.

Tusimfanye malaika. Alikuwa na haraka ya kupanda, na miaka hiyo aliamini kwamba Mbelgiji wa nia njema angemfungulia mlango Mkongo aliyesoma. Mwaka 1952 koloni ilitoa amri mpya iliyomruhusu Mkongo kuandikishwa katika daraja la kisheria lililokaribia la Mzungu. Mwombaji alihojiwa na kupimwa kwa kila namna, hadi maisha ya nyumbani kwake. Lumumba aliomba, akakataliwa, akakata rufaa, akakubaliwa mwaka 1954. Tayari alikuwa amemwoa Pauline Opango, mwaka 1951, na familia ilikuwa inakua. Mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville mwaka 1955 alizungumza naye, jambo lililowaudhi baadhi ya Wazungu wa mji.

Halafu likaja anguko. Tarehe 6 Julai 1956, aliporudi kutoka safari ya masomo huko Ubelgiji, alikamatwa kwa kuchukua pesa za posta, takriban franga 126,000. Hakukana. Alijitetea kwamba mshahara wa Mkongo haukulingana na maisha ambayo serikali yenyewe ilimtaka mtu wa daraja lake ayaishi. Wenzake walichanga pesa zikarudishwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili, kikapunguzwa, akatoka Septemba 1957. Maadui zake waliitumia kesi hiyo mpaka mwisho wa maisha yake, na wapenzi wake mara nyingi huiruka. Yote mawili hayamsaidii msomaji. Pesa alizichukua, na ubaguzi wa mishahara alioulalamikia ulikuwa wa kweli.

Gerezani aliandika kitabu juu ya mustakabali wa Kongo. Ni kitabu cha mtu aliyesoma sana peke yake: kina ndoa, mishahara, mashamba, shule, elimu ya wanawake, mahusiano ya Mweusi na Mweupe. Sauti yake ni ya upole kuliko ile tunayoizoea. Bado alitaka Wakongo na Wabelgiji wajenge jumuiya moja yenye usawa. Aliyesikia tu hotuba ya 30 Juni 1960 atashangaa akikisoma.

Baada ya gereza mambo yalikwenda kasi. Aliingia Léopoldville, akafanya kazi katika kiwanda cha bia cha Bracongo akiitangaza bia ya Polar, na kwa kazi hiyo akajulikana katika mitaa yote ya mji mkuu. Oktoba 1958 chama cha MNC kilianzishwa naye akiwa kiongozi. Desemba mwaka huo alikuwa Accra, kwenye mkutano wa watu wa Afrika ulioitwa na Kwame Nkrumah. Baada ya machafuko ya Stanleyville, mwishoni mwa Oktoba 1959, alikamatwa tena, akahukumiwa Januari 1960, na siku chache baadaye akatolewa jela ili ahudhurie mazungumzo ya uhuru huko Brussels. Uchaguzi wa Mei uliipa MNC yake viti vingi kuliko chama kingine chochote, na Stanleyville ilikuwa ngome yake. Akawa waziri mkuu akiwa na miaka 34, siku chache kabla ya kutimiza 35.

Serikali yake haikufika miezi mitatu. Jeshi liliasi, Katanga ikajitenga, rais Kasa-Vubu akamwachisha kazi tarehe 5 Septemba, na Mobutu akachukua madaraka siku chache baadaye. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka Léopoldville akielekea Stanleyville. Njiani alisimama mara nyingi kuongea na watu, na huenda kusimama huko ndiko kulikowapa askari nafasi ya kumfikia. Walimkamata mwanzoni mwa Desemba kwenye mto Sankuru, katika mkoa wa kuzaliwa kwake. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwili wake uliharibiwa. Jino moja tu lilibaki mikononi mwa polisi Mbelgiji, na Ubelgiji ililirudisha kwa familia Juni 2022.

Mswada wake wa gerezani ulichapishwa Brussels mwaka huohuo wa 1961, mwandishi akiwa amekwisha kufa. Miaka miwili baadaye, 1963, vyuo viwili vya kuwafundisha wakutubi wa Afrika vilianza kazi. Kimoja kilikuwa Dakar, kwa nchi za Kifaransa, na kingine Makerere, Uganda, kwa Afrika Mashariki. Tanzania iliongeza chake Bagamoyo mwaka 1989. Kwa njia ya barabara, Makerere iko karibu na Goma kuliko Kinshasa. Kijana wa Mabanga anayetaka leo kusomea kazi ile ya jioni ya Stanleyville, na kuifanya mchana kwa mshahara, anaweza kufika huko kwa basi.