Ida Rosenthal: Fundi wa Nguo Aliyekataa Madem Wabanwe Kifua

Mrembo, hebu jicheki kidogo. Ukifika keja jioni, kitu ya kwanza unafanya ni gani? Kama ni kuvua bra hata kabla uweke mkoba chini, hauko pekee yako. Mabega yana alama, chini ya matiti kunawasha, na mkanda wa nyuma umepanda ukakaribia shingo. Wengi wetu tumezoea hayo maumivu tukidhani ndivyo bra inafaa kuwa.

Kuna mathe mmoja alikataa hiyo story kitambo, kabla hata nyanyako azaliwe. Anaitwa Ida Rosenthal. Alikuwa mfupi, futi 4 na inchi 11 tu, lakini kampuni aliyoanzisha, Maidenform, ilivalisha wanawake wa nchi nyingi. Na usidhani alizaliwa na doh. Alianza na cherehani ya kulipa mdogo mdogo.

Kutoka Rakov hadi Hoboken

Ida alizaliwa Januari 1886 huko Rakov, mji mdogo karibu na Minsk. Siku hizi hiyo ni Belarus, lakini enzi hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Jina lake la kwanza lilikuwa Ida Kaganovich. Familia yao ilikuwa ya Wayahudi. Buda yake alikuwa mtu wa vitabu, msomi wa Kiebrania, na mathe ndiye alikuwa anaendesha duka. Kwa hivyo tangu utotoni Ida aliona mwanamke akishika biashara na hesabu zikitoka sawa.

Akiwa tineja alienda Warsaw. Huko alichapa kazi ya kushona huku akisoma Kirusi na hesabu. Pia aliingia kwa siasa. Yeye na chali wake, William Rosenthal, walikuwa upande wa wasoshalisti waliompinga mfalme. Wakati huo Urusi ilikuwa vitani na Japani, na William hakutaka kupelekwa jeshi. Akahepa. Mwishowe wote wawili wakajipata Marekani, na 1906 wakaoana. Base yao ikawa Hoboken, New Jersey, ng'ambo tu ya mto kutoka New York.

Sasa cheki hapa. Wasichana wengi waliohamia Marekani waliishia kwa viwanda vya nguo, masaa mingi, mshahara kidogo. Ida hakutaka mdosi. Akachukua cherehani ya Singer kwa mkopo, akaanza kushonea watu nguo kwa nyumba. Kazi yake ilikuwa safi, wateja wakaongezeka, akaandika wafanyakazi. Wakati huo wote alikuwa analea, maana walijaliwa watoto wawili, Lewis na Beatrice. Baadaye akavuka mto na biashara yake hadi Manhattan.

Fashoni ya kifua flati

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Ida aliungana na Enid Bissett, mwanamke aliyekuwa na duka la magauni kwa barabara ya West 57th, mtaa wa wenye nazo. Kuingia hiyo biashara kulimgharimu Ida dola 4,000. Hiyo ilikuwa pesa nono, na ilikuwa jasho la miaka ya kushona.

Magauni yalikuwa makali lakini kulikuwa na noma moja. Fashoni ya wakati huo ilitaka dem akae kama kijana, kifua flati kabisa. Ndani walikuwa wanajifunga kitambaa kimoja kirefu kama taulo, kina vishikizo nyuma, kazi yake kubana tu. Kama wewe ni mdogo wa kifua, labda ungevumilia. Kama Mungu alikubariki, pole. Na gauni lenyewe halikukaa poa, kwa sababu lilishonwa kwa mwili ambao mteja hakuwa nao.

Enid akachukua hicho kitambaa, akakikata katikati, akakikusanya hapo kati ili kila upande upate nafasi yake. William, ambaye alipenda kuchonga sanamu na alielewa maumbo, akaboresha hiyo design. Mwanzo hawakuwa wanaiuza. Ukinunua gauni, unapewa ya bure ndio gauni likukae. Lakini wateja walianza kurudi dukani wakitaka hicho kitu cha ndani peke yake. Ida akasoma rada haraka. Wakaanza kuiuza dola 1.

Hata jina lilikuwa jibu. Kulikuwa na bra za kubana zilizoitwa Boyish Form, yaani umbo la kivulana. Wao wakaita yao Maiden Form, umbo la msichana.

Tuwe wakweli: Ida hakuvumbua bra. Mwaka wa 1914 mwanamke mwingine Mmarekani, Mary Phelps Jacob, alikuwa amepata hataza ya bra iliyotokana na leso mbili na utepe. Lakini aliuza hiyo hataza, na maisha yakasonga. Kitu Ida na wenzake walifanya ni kukubali kwamba matiti ni mawili, yana uzito, na hayafanani kwa kila mtu. Ukishakubali hilo, lazima ushone saizi tofauti.

Kiwanda, msiba na vita

Kufikia katikati ya miaka ya 1920 walikuwa na kiwanda Bayonne, New Jersey. Magauni wakaachana nayo, wakabaki na bra. Enid alipojiondoa kwa sababu ya afya, kazi ilibaki kwa mke na mume. William alishika design, zikiwemo bra za wamama wanaonyonyesha na za walio na vifua vikubwa. Ida alishika pesa na mauzo. Kiwandani kila mshonaji alipewa sehemu moja ya kazi, kwa hivyo bra zilitoka nyingi na zikafanana.

Halafu 1930 kijana wao Lewis akafariki, bado akiwa mwanafunzi wa sheria. Ni mwaka huohuo ambapo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanza kuporomoka. Ida aliendelea kwenda kazini. Baadaye yeye na William walitoa kambi ya vijana wa skauti kwa kumbukumbu ya huyo mtoto.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, vitambaa viliwekwa mgao. Hoja ya Ida kwa serikali ilikuwa rahisi: wanawake ndio wako viwandani sasa, na mwenye kifua kilichoshikiliwa vizuri hachoki haraka. Kampuni ikapewa vitambaa. Pia ilishonea jeshi vivazi vya njiwa wa kubeba barua, ili askari wa miavuli waruke nao wakiwa wamefungwa kifuani. Njiwa pia alihitaji saizi yake!

Kutoka 1949 kampuni ikawa maarufu kwa matangazo ya madem wakiota wako mahali pa watu, juu wamevaa bra pekee. Yalizua mdomo na yalidumu miaka 20. William alifariki 1958, Ida akabaki kwa usukani. Stroki ilimpata 1966, na Machi 1973 akaaga New York akiwa na miaka 87. Binti yake Beatrice alikuwa ameshachukua kampuni.

Sasa wewe

Karibu miaka 100 baadaye bado unanunua bra kwa kukisia, ama kwa sababu rangi ni kali. Kama ni Gikosh unaibana juu ya tishati, unalipa, unasonga. Ida angekutuma kwa tepu ya fundi kwanza.

Pima chini ya matiti, tepu ikishika bila kukubana. Hiyo ndiyo namba ya mkanda. Kisha pima mahali kifua kimejaa zaidi. Tofauti ya inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Ukipata 34 na 37, anzia 34C. Makampuni hayashoni sawa, so jaribu kila moja kabla ulipe.

Ukiivaa, mkanda ukae usawa mbele na nyuma, na vidole viwili viingie chini yake. Uzito unabebwa na mkanda, si kamba za mabega. Ukiona kamba zinachimba, mara nyingi mkanda ni mlegevu. Matiti yakimwagika juu, ongeza kikombe. Kikiwa na mikunjo, punguza. Bra mpya ifunge kwa kishikizo cha nje kabisa, ndio ikilegea na wakati uwe na mahali pa kusonga.

Kitambaa nacho kiguse kwa ndani. Kwa jua la Nairobi na foleni za matatu, pamba inanyonya jasho na haikwaruzi. Lesi iwe nje, isikae kwa ngozi kama wewe ni wa kuwashwa haraka. Ifue kabla ya kuvaa mara ya kwanza, iwe mpya ama mtumba. Na mwili ukibadilika, baada ya mtoto ama kilo kupanda na kushuka, pima tena. Si kosa lako saizi ya 2019 ikikataa.

Ida alitajirika kwa kukataa kumlaumu mteja wakati gauni halimkai. Leo jioni chukua tepu, jipime, kisha ucheki ile bra uko nayo imeandikwa saizi gani.